Mwongozo Kamili wa Kupima Metali Nzito Katika Mashapo ya Ufukweni, Kutoka Ghuba ya Murchison Hadi Ziwa George

Uganda haina bahari, lakini yale yanayolisibu tope la bandari ya Mombasa au la mdomo wa Mto Msimbazi jijini Dar es Salaam yanalisibu pia tope la Ghuba ya Murchison, ambako mfereji wa Nakivubo humwaga maji machafu ya Kampala katika Ziwa Viktoria. Metali ikishaingia majini haielei kwa muda mrefu. Hujishikiza kwenye chembe za udongo wa mfinyanzi, kwenye kutu ya chuma na kwenye mabaki ya mimea, kisha hutua chini pamoja nazo kama mashapo, yaani tope la chini ya maji. Ndiyo maana maji ya ghuba yanaweza kupimwa leo yakaonekana hayana risasi wala shaba ya kutisha, ilhali tope lililo mita chache chini yake limehifadhi uchafu wa miongo kadhaa.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa vyuo, maofisa wa mazingira wa wilaya, na vikundi vya mialoni vinavyotaka kujua kilichomo ndani ya tope lao. Jambo moja litajitokeza kila hatua: namba inayotoka maabara haina maana mpaka ijulikane imetoka kwenye tope la aina gani, na mpaka ilinganishwe na tope la aina hiyohiyo ambalo halijaguswa na uchafuzi. Anayelinganisha mchanga wa mwalo mmoja na ufinyanzi wa mwalo mwingine hajapima uchafuzi bali amepima tofauti ya udongo.

Hatua ya kwanza: amua swali kabla ya kukodi mtumbwi

Kuna maswali matatu ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni kama shughuli za binadamu zimeongeza metali juu ya kiasi ambacho ardhi yenyewe inacho. La pili ni kama viumbe wanaoishi ndani ya tope, yaani minyoo, konokono na mabuu ya wadudu, wanadhurika. La tatu ni kama mtu anayekula samaki wa hapo yumo hatarini. Swali la kwanza hujibiwa kwa tope na kemia, la pili huhitaji tope pamoja na viumbe wake, na la tatu halijibiki kwa tope peke yake hata likipimwa namna gani. Andika swali lako kwa sentensi moja, kisha ulishike mpaka mwisho.

Swali ndilo litakalokuambia metali za kupima. Katika Ghuba ya Murchison maji hutoka eneo la viwanda, karakana, vituo vya kuoshea magari na barabara za jiji, kwa hiyo risasi, zinki, shaba, kadimiamu na kromiamu haziepukiki. Petroli yenye risasi iliachwa kuuzwa katika nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara mwanzoni mwa mwaka 2006, lakini risasi iliyokwisha kutua haioi wala haiyeyuki ikapotea, na betri kuukuu zinaendelea kuongeza nyingine. Jinja ina historia yake, kwa kuwa shaba ya Kilembe ilisafirishwa kwa reli hadi huko ili iyeyushwe.

Kasese ni habari nyingine kabisa. Mgodi wa Kilembe ulianza kutoa shaba mwaka 1956 na kusimama mwanzoni mwa miaka ya 1980, ukaacha marundo ya mabaki ya mawe yenye salfidi, yaani michanganyiko ya salfa na metali, kando ya Mto Nyamwamba. Mabaki hayo yakikutana na hewa na maji hutoa tindikali, na tindikali huchukua shaba, kobalti na nikeli na kuzishusha mtoni. Mafuriko makubwa ya Mei 2013 na ya Mei 2020 yalipita katika bonde hilohilo, na mto huo huishia Ziwa George. Huko anza na shaba, kobalti, nikeli na zinki, na usipoteze fedha kwa orodha ndefu. Kwa upande wa Busia na Namayingo, ambako wachimbaji wadogo hukamata dhahabu kwa zebaki, zebaki ndiyo ya kwanza, na yenyewe ina masharti yake ya kuhifadhi ambayo tutayafikia.

Hatua ya pili: ruhusa

Utafiti rasmi husajiliwa na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, na masuala ya uchafuzi yako chini ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, kwa Sheria ya Taifa ya Mazingira ya mwaka 2019. Maji ya Ziwa George yaliyo ndani ya hifadhi yanahitaji idhini ya Mamlaka ya Wanyamapori. Barua hizo ziwe ndani ya mfuko usiopenya maji, na nakala ibaki mwaloni, kwa sababu mtumbwi wenye kamba, ndoo na chombo cha chuma kisichoeleweka husimamishwa haraka na askari wa doria ya uvuvi, na wana haki ya kuuliza. Mwone mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na kamati ya mwalo siku moja kabla. Wazee wa mwalo hujua mahali penye tope na mahali penye mawe kuliko ramani yoyote, na wakikuambia nyavu hukwama mahali fulani, usiteremshe chombo chako hapo.

Hatua ya tatu: kuchagua vituo

Vituo hupangwa kufuata chanzo. Anza karibu na mdomo wa mfereji au mto, kisha sogea kuelekea maji mapana kwa umbali unaoongezeka, mathalani mita 50, 200, 500, kilomita moja, kilomita mbili. Uchafuzi wa chanzo kimoja hupungua kadiri unavyotoka, na kupungua huko ndiko ushahidi wenyewe. Vituo vilivyotawanywa bila mpangilio huonyesha namba zinazopanda na kushuka bila kueleza kitu.

Zaidi ya vituo hivyo, tafuta ghuba ya kulinganishia. Iwe na miamba na udongo unaofanana na wa ghuba unayoichunguza, iwe na kina kinachokaribiana, na isiwe na mji, kiwanda wala mto mchafu unaoingia. Watu wengi huchagua sehemu ya katikati ya ziwa kwa kuwa ni mbali na mji, lakini tope la kinani si tope la pwani. Ni laini zaidi na lina mabaki mengi ya mwani, kwa hiyo kulinganisha kunaharibika mwanzoni.

Angalia pia kimo cha ziwa. Mei 2020 Ziwa Viktoria lilipanda hadi mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likafunika bustani, vyoo na vibanda vya mialo mingi. Mahali palipokuwa nchi kavu katika ramani ya zamani panaweza kuwa chini ya maji, na tope lake likawa udongo wa shamba uliolowa tu. Pima kina kwa kamba yenye alama kila kituo, na uandike kimo cha ziwa cha siku hiyo pamoja na tarehe.

Chukua sampuli katika msimu mmoja. Mvua za Machi hadi Mei na zile za Septemba hadi Novemba hushusha udongo mpya ambao unaweza kufunika au kupunguza makali ya ule wa zamani. Ukipenda kulinganisha misimu, rudi kwenye vituo vilevile kwa GPS, si kwa kukumbuka mti ulioko ufukweni.

Hatua ya nne: kutoa tope bila kuliongezea metali

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, na huharibika kwa vitu vya kawaida kabisa. Ndoo ya bati imepakwa zinki. Chujio la shaba ya manjano ni shaba na zinki. Vizito vya nyavu mara nyingi ni risasi tupu, na huwa vimelala kwenye sakafu ya mtumbwi ambayo utataka kuweka chupa zako. Hata baadhi ya mafuta ya kujipaka dhidi ya jua yana zinki. Kabla ya kuondoka, mwombe mwenye mtumbwi aondoe nyavu, osha sakafu, tandika karatasi safi ya nailoni, vua pete, vaa glavu zisizo na unga.

Kwa tope laini, chombo kidogo cha kukota aina ya Ekman kinatosha: ni sanduku la chuma kisichoshika kutu lenye taya mbili chini, na hufungwa kwa kizito kinachoteremshwa kwenye kamba kugonga kifyatuo. Kwenye mchanga mgumu chombo hicho hurudi kitupu, na hapo utahitaji Van Veen, ambacho ni kizito zaidi. Fika kituoni asubuhi, kabla upepo wa mchana haujainua mawimbi. Zima injini mbali kidogo na uache mtumbwi usogee wenyewe kwa kasia, kwa sababu pangaboi katika maji ya mita mbili huchimbua tope lilelile unalolifuata. Nanga ishushwe upande mmoja, chombo upande wa pili.

Teremsha polepole. Chombo kinachoangushwa husukuma mbele yake wimbi la maji ambalo hupeperusha safu ya juu, na safu ya juu ndiyo yenye habari za miaka ya karibuni. Kikifika juu, fungua mfuniko na utazame kabla ya kugusa. Tope zuri la ghuba hufunikwa na maji yaliyotulia, na chini ya maji hayo kuna ngozi ya rangi ya kahawia yenye unene wa milimita chache, kisha tope jeusi linalonuka yai viza. Ngozi hiyo ni kutu ya chuma na manganizi iliyopata oksijeni, na weusi ni salfidi ya chuma. Ukiiona ngozi haijachanika, sampuli imekubalika. Ikiwa maji yamekuwa machafu kama uji, au mzizi wa mafunjo umezuia taya zisifunge, mwaga, osha kwa maji ya ziwa, rudia mita chache pembeni.

Ondoa maji ya juu kwa bomba dogo la plastiki, kisha chota sentimita mbili za juu kwa kijiko cha plastiki, kutoka katikati tu, bila kukwangua tope lililogusa kuta za chombo. Kota mara tatu kwa kila kituo na uchanganye katika beseni la plastiki. Lakini kwenye kituo kimoja kati ya kila vitano, zichambue zote tatu mbalimbali, ili ujue ni kiasi gani namba hutofautiana ndani ya kituo kimoja. Bila taarifa hiyo huwezi kusema kituo hiki kimezidi kile.

Usichote kidogo. Tope laini la ghuba za Viktoria laweza kuwa maji kwa asilimia 90, maana yake gramu 200 za tope bichi zinabakiza gramu 20 kavu, na chujio litapunguza tena. Chukua nusu kilo.

Chupa za plastiki ziwe zimelowekwa usiku kucha katika asidi ya naitriki ya asilimia 10 na kusuuzwa kwa maji yasiyo na madini. Sampuli ya zebaki iwekwe kwenye chupa ya kioo. Sampuli itakayopimwa salfidi ijazwe hadi kwenye mdomo bila nafasi ya hewa. Lebo iandikwe kwa penseli, kwa kuwa wino hufutika, na nakala iwekwe ndani ya mfuko wa pili. Barafu ya samaki inapatikana mwaloni na inafaa, mradi kila chupa iwe ndani ya mfuko uliofungwa ili maji ya barafu yasiingie. Katika daftari andika saa, kina, rangi, harufu, konokono au magugu maji uliyoyaona, na chochote kilicho karibu: karakana, jaa la taka, mtu anayechoma nyaya ili apate shaba.

Hatua ya tano: nguzo ya tope, pale inapowezekana

Kipimo cha tope la juu hukuambia hali ya sasa. Ukitaka kujua hali ya zamani, sukuma bomba la plastiki angavu wima ndani ya tope, ulizibe juu, ulitoe na nguzo nzima ya mashapo ndani yake, kisha uikate vipande vya sentimita moja moja. Tope la chini kabisa, lililotua kabla ya viwanda na magari, ndilo mizani bora kuliko yote ya kulinganishia, kwa kuwa limetoka kwenye ardhi ileile. Umri wa tabaka hupatikana kwa risasi 210, ambayo nusu ya nguvu yake hupungua kila miaka 22 na ushei, na huthibitishwa na sesiamu 137, iliyofikia kilele mwaka 1963 kutokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia.

Njia hii haifai kila mahali. Ziwa George lina kina cha wastani cha mita 2.4 tu, na upepo hulikoroga karibu kila siku, kwa hiyo sentimita za juu zimechanganyika. Nguzo ya hapo bado inatoa tope la chini la kulinganishia, lakini usiitumie kusema shaba iliongezeka mwaka fulani. Chagua vibonde vilivyotulia au pembe za ghuba zilizojikinga na upepo.

Hatua ya sita: kukausha na kuchuja

Kausha katika tanuri la nyuzi 40 za selsiasi mpaka uzito usibadilike, au tumia mashine ya kukausha kwa baridi kama chuo kinayo. Sampuli ya zebaki isikaushwe kwa joto kali, kwani sehemu yake itaruka. Iache igande na ikaushwe kwa baridi. Usianike tope barazani karibu na barabara, hata likifunikwa kwa gazeti, maana vumbi la jiji lina zinki ya matairi na litakuandikia matokeo mapya.

Vunja mabonge kwa kinu cha agati au cha kauri, si cha chuma, kisha chuja kwa chujio la nailoni la maikromita 63. Chembe zilizopita ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya metali, kwa sababu chembe ndogo zina eneo kubwa la kushikia. Pima na uandike ni asilimia ngapi zilipita. Namba hiyo moja, ambayo ripoti nyingi huiacha, hueleza sehemu kubwa ya tofauti za ajabu kati ya vituo. Chukua pia gramu chache uziunguze kwa nyuzi 550 kwa saa nne. Uzito uliopotea ni mabaki ya viumbe na mimea, na karibu na vinamasi vya mafunjo utakuwa mkubwa.

Hatua ya saba: maabara, na maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Uliza kwanza namna watakavyoyeyusha sampuli. Mchanganyiko wa asidi ya haidrokloriki na ya naitriki, sehemu tatu kwa moja, hutoa metali zilizojishikiza juu ya chembe lakini huacha kiasi kilichofungwa ndani ya fuwele za mawe. Kuyeyusha kila kitu huhitaji asidi ya haidrofloriki, ambayo hupenya ngozi na kushambulia mifupa. Haitumiwi mahali ambapo hakuna jeli ya kalisi glukonati na mtu aliyefunzwa. Njia zote mbili ni halali. Kisicho halali ni kulinganisha namba za njia moja na za njia nyingine.

Swali la pili ni kiwango cha chini kinachoonekana. Hesabu mwenyewe: nusu gramu ya mashapo ikiyeyushwa na kujazwa hadi mililita 50 imepunguzwa nguvu mara 100. Mashine inayopima metali kwa mwali wa moto, inayoanza kuona kadimiamu kwenye miligramu 0.02 kwa lita itaanza kuiona kwenye miligramu 2 kwa kilo ya mashapo. Kikomo cha tahadhari cha kadimiamu katika maji baridi ni 0.99. Kwa hiyo jibu la maabara kwamba kadimiamu haikuonekana halimaanishi kuwa tope ni salama. Linamaanisha mashine haikuwa na macho ya kutosha. Dai tanuri la grafiti au ICP-MS, mashine ambazo huona viwango vidogo zaidi.

Swali la tatu ni uthibitisho. Kila kundi la sampuli liwe na kopo tupu lililopitia hatua zote, sampuli iliyorudiwa, na mashapo ya rejea yenye thamani zilizothibitishwa, yapimwe kana kwamba ni yako. Wakirudisha kati ya asilimia 80 na 120 ya thamani iliyothibitishwa, endelea. Mimi huweka pia sampuli moja yangu mara mbili kwa majina tofauti bila kuwaambia. Si uchokozi, ni desturi ya kazi.

Omba alumini ipimwe pamoja na metali nyingine. Wengine hutumia chuma kama mizani, lakini udongo wetu mwekundu umejaa chuma, na katika tope lisilo na oksijeni chuma huyeyuka na kupanda juu, kwa hiyo si mizani inayotulia. Alumini inatulia, mradi sampuli imeyeyushwa yote.

Hatua ya nane: kuzisoma namba

Tuchukue mfano wa kubuni. Nguzo ya tope imekupa thamani ya zamani: risasi miligramu 18 kwa kilo, alumini asilimia 7.2. Kituo A ni cha mchanga na kina risasi 24 na alumini asilimia 2. Kituo B ni cha ufinyanzi na kina risasi 48 na alumini asilimia 8. Anayesoma haraka atasema B ni kichafu mara mbili ya A.

Sasa gawanya risasi kwa alumini. Tope la zamani linatoa 2.5. Kituo A kinatoa 12, yaani mara 4.8 ya zamani. Kituo B kinatoa 6, yaani mara 2.4. Mambo yamegeuka: mchanga wa A, ambao kwa asili ungekuwa na risasi kidogo sana, ndio uliopokea nyongeza kubwa kutoka nje. Chanzo kiko karibu na A, na ofisa anayetafuta bomba la kiwanda aanzie hapo.

Kipimo kingine kinachotumiwa sana ni Igeo, alichokipendekeza Müller mwaka 1969: gawanya kiasi cha sasa kwa kiasi cha zamani kilichozidishwa mara 1.5, kisha utafute logi ya msingi wa 2. B inapata 0.83, ambayo ni daraja la kwanza, kati ya kutochafuka na kuchafuka kiasi. A inapata namba hasi, daraja la sifuri, yaani safi. Igeo haijui kama tope ni mchanga au ufinyanzi, na ndiyo maana inamsafisha A. Itumie pale tu vituo vyote vimechujwa kwa chujio moja na asilimia za chembe ndogo zinakaribiana.

Kisha kuna vikomo vya athari kwa viumbe. Kwa maji baridi, vilivyochapishwa na MacDonald na wenzake mwaka 2000 ndivyo vinavyotumiwa zaidi, na vina ngazi mbili: chini ya ya kwanza madhara hayatarajiwi, juu ya ya pili yanatarajiwa mara nyingi. Kwa miligramu kwa kilo ya mashapo makavu, shaba ni 31.6 na 149, risasi 35.8 na 128, zinki 121 na 459, kadimiamu 0.99 na 4.98, zebaki 0.18 na 1.06, nikeli 22.7 na 48.6, kromiamu 43.4 na 111. Kituo B kimevuka ngazi ya kwanza ya risasi, A hakijavuka. Hakuna mgongano hapa: hesabu ya alumini ilijibu swali la nani ameongeza, na kikomo kinajibu swali la nani ataumia.

Usiazime vikomo vya baharini, ingawa ndivyo vinavyopatikana kwa wingi katika tafiti za Mombasa na Dar es Salaam. Vile vya Long na wenzake vya mwaka 1995 huweka risasi kwenye 46.7 na 218, shaba kwenye 34 na 270, kwa sababu vilitokana na viumbe wa majichumvi. Isitoshe, kemia yenyewe ni tofauti. Maji ya bahari yana salfeti nyingi, na bakteria wa tope huigeuza kuwa salfidi inayofunga shaba, risasi, zinki na kadimiamu. Salfeti ya maziwa yetu ni kidogo mno, kwa hiyo ulinzi huo ni mwembamba. Kwa upande wa pili, kloridi ya chumvi huinasua kadimiamu kutoka kwenye chembe pale mto unapokutana na bahari, jambo lisilotokea Luzira wala Ggaba kwenye Ghuba ya Murchison.

Hata vikomo vya maji baridi vinataka akili. Vilitengenezwa kwa takwimu za Amerika ya Kaskazini. Wastani wa kromiamu katika tabaka la juu la ardhi ya dunia unakaribia miligramu 92 kwa kilo, na wa nikeli 47, kwa hiyo tope safi kabisa linaweza kuvuka ngazi ya kwanza ya kromiamu na nikeli bila mtu yeyote kutenda kosa. Ghuba yako ya kulinganishia ikivuka pia, andika hivyo waziwazi kabla hujamtaja mwenye kiwanda.

Jambo la mwisho kuhusu hesabu ni ile jumla ya hatari ya Håkanson ya mwaka 1980, inayopendwa na wanafunzi kwa kuwa hutoa namba moja ya kuweka kwenye muhtasari. Huizidisha zebaki mara 40 na kadimiamu mara 30, huku zinki ikipewa 1. Iwapo kadimiamu yako haikuonekana na umeandika nusu ya kiwango cha chini cha mashine, basi jumla nzima imejengwa juu ya namba ambayo hakuna aliyeipima. Katika hali hiyo iache.

Hatua ya tisa: je, metali hiyo inaweza kutoka?

Metali iliyofungwa ndani ya fuwele za mawe haimsumbui mnyoo. Ili kutenganisha, kuna njia ya BCR inayoliosha tope kwa awamu: asidi ya asetiki kwanza, kisha kemikali inayoyeyusha kutu ya chuma na manganizi, kisha haidrojeni peroksaidi inayoteketeza mabaki ya viumbe na salfidi, na mwishowe asidi kali kwa kinachobaki. Sehemu ya awamu ya kwanza ndiyo inayotoka kwa urahisi zaidi maji yakibadilika. Fanya hivi kwa vituo vichache tu, vile vilivyoonyesha ongezeko, na kwa tope bichi ambalo halijapata hewa, kwa sababu kukausha kwenyewe huivunja salfidi na kuhamisha metali kutoka awamu moja hadi nyingine. Matokeo haya ni ya lazima pale mradi wa kuchimbua mfereji au kupanua gati unapopangwa, kwani tope jeusi likiletwa hewani huachia kilichokuwa kimefungwa.

Hatua ya kumi: kuripoti na kurudi mwaloni

Katika ripoti kila namba iambatane na maneno haya: mashapo makavu, chembe chini ya maikromita 63 au mashapo yote, namna ya kuyeyusha, kiwango cha chini cha mashine, na matokeo ya mashapo ya rejea. Chora vituo kwenye ramani, na uweke uwiano wa alumini kando ya namba ghafi.

Mwaloni lugha ni nyingine, na swali litakalokuja mapema ni kama samaki wanalika. Jibu la kweli ni kwamba tope halitoshi kusema. Risasi nyingi iliyomezwa na samaki hubaki kwenye mifupa, magamba na matumbo, si kwenye mnofu, ilhali zebaki hujikusanya katika mnofu hasa wa samaki wanaokula samaki wenzao kama sangara. Mukene, yaani dagaa wa ziwani, huliwa mzima, na matumbo na mifupa yake, kwa hiyo kipimo cha mnofu wa sangara hakimhusu. Ukipata fedha za kupima samaki, pima mukene wakiwa wazima jinsi wanavyoliwa, baada ya kuoshwa vumbi na mchanga wa kuanikia, na pima maini na mnofu wa sangara mbalimbali. Kikomo cha Codex, viwango vya kimataifa vya chakula, cha risasi katika samaki ni miligramu 0.3 kwa kilo ya uzito mbichi. Usikilinganishe na namba za tope.

Mabaki ya sampuli kavu yasitupwe. Yafunge kwenye chupa za plastiki, yaandikwe kituo, tarehe, kina na chujio lililotumika, yawekwe kabatini mahali pakavu, na yale ya zebaki yabaki kwenye friza. Atakayekuja na mashine bora baada ya miaka kumi ataweza kupima tope lako na la kwake siku moja, kwa asidi moja.